Chui Alivyopiga Hodi Ngomani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona nasikia wa mbele tu? Nyinyi wa kule nyuma mmemeza nini? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na nyinyi watu wazima msijifanye mmekuja kuchukua watoto tu, kaeni chini, hii ni yenu pia. Jambo moja kabla sijaanza. Humu ndani nitapiga hodi. Mkinisikia napiga hodi, asinijibu mtu. Hata kwa kunong'ona. Mtaona kwa nini.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na uwanja wao wa ngoma. Uwanja mkubwa, umefagiliwa, umezungushiwa miiba ya mchongoma pande zote. Mlango mmoja tu. Katikati imewekwa ngoma kuu. Ikipigwa, ndi-ndi-ndi, ndi-ndi-ndi, mtama unatikisika shambani.

Aliyeishika ngoma hiyo ni Chui. Chui ndiye manju. Ndiye anayetunga nyimbo, ndiye anayesema nani aimbe, nani aitikie, nani akae pembeni asubiri. Na Chui alikuwa anajua, jamani, tusimnyime lake. Akiigusa ngoma hata Kobe anacheza. Akitabasamu, wote wanatabasamu. Akikunja uso, hakuna anayemeza mate.

Sasa, mtoto akitaka kuwa mwimbaji, Chui humwambia, njoo pangoni kwangu nikutafutie sauti. Ndivyo ilivyoitwa, kutafutiwa sauti. Wazazi walifurahi. Wakisikia binti yao kaitwa kutafutiwa sauti, wanampaka mafuta, wanampangusa vumbi miguuni, nenda mwanangu, bahati hiyo.

Paa akaitwa. Mdogo bado, sauti yake nyembamba, safi, ukiisikia unaacha kutwanga. Akaenda. Akaingia pangoni. Chui akalala mlangoni, akauziba mlango wote kwa mwili wake. Giza likaingia. Akamwekea mkono shingoni. Mkono laini, mkono mzito. Akamwambia imba. Paa akaimba. Chini zaidi. Paa akashusha. Chini zaidi. Mkono unakaza. Chini zaidi. Mpaka ikabaki pumzi tu, hh, hh, hh.

Kisha Chui akasema, polepole, "Ukisema, hutaimba tena. Na nani atakuamini wewe, kipaa?"

Paa akatoka. Nyumbani wakamuuliza, umetafutiwa sauti? Akaitikia kwa kichwa. Sauti yenyewe ilikuwa imekwaruza, na haikurudi ilivyokuwa.

Akanyamaza. Msimu ukapita, mwingine ukaja. Akawaona wenzake wakiitwa mmoja mmoja, wakienda wakirukaruka, wakirudi wameinamisha vichwa. Siku moja, kisimani, ndoo imejaa, kabla hajainyanyua, akasema. Mwenzake akaweka ndoo chini, akasema na mimi. Mwingine akasema na mimi. Na mimi. Na mimi. Hiyo na mimi ikapanda kutoka kisimani mpaka uwanjani, Chui akaulizwa mbele ya wote. Akacheka. Akasema alikuwa anatania tu.

Wazee wakamtoa. Akaenda zake mlimani.

Nyati, mzee wa uwanja, akaweka sharti. Alisema, koo la Paa ni nyumba ya Paa, na Chui aliingia bila hodi. Basi akitaka kurudi, aje mlangoni apige hodi, na hodi yake aijibu Paa. Paa akisema karibu, kaingia. Paa akinyamaza, arudi alikotoka. Na mguu wake usivuke kizingiti kabla hajajibiwa. Wote wakasema sawa, ndiyo haki.

Lakini sikilizeni. Haki ni tamu siku inaposemwa. Mvua zikanyesha, zikakatika, ngoma ikapooza.

Ngoma alipewa Kima. Kima huyo ana mikono mirefu na haina mpango. Anapiga pa-ka-ta, pa-ka-ta, kama mtu anayeanguka na vibuyu. Wageni wa misitu ya jirani wakaacha kuja. Waliokuja walikuja kucheka. Kima akachoka kuchekwa, akaanza kupanda mlimani kumtazama Chui, na kila akishuka ana habari mpya. Chui kakonda. Chui anakula panya, maskini. Chui anakaa peke yake analia. Chui kabadilika, si yule.

Wanyama wakaanza kuuliza. Wengine walikumbuka ngoma tu. Wengine waliuliza kwa moyo safi, wakasema, mtu akikosa, basi ndiyo mwisho wake? Hana njia ya kurudi kwa wenzake? Nalo ni swali, silicheki.

Kima yeye hakuuliza. Alimfuata Paa malishoni, akaning'inia kwenye tawi.

"Bibie," akamwambia, "kisirani chako kinatuulia ngoma. Mkono shingoni tu? Mimi shangazi yangu kanikaba tangu nanyonya, na angalia ninavyopiga kelele."

Wanyama waliokuwa malishoni hapo wakacheka. Na wengine waliocheka ni wale wale wa na mimi. Mtu akiogopa, hucheka na anayemtisha. Paa hakucheka. Akaendelea kutafuna jani ambalo lilikuwa limekwisha zamani mdomoni.

Kilichomkata maini ni Kanga. Kanga huyu alikuwa yatima, Paa ndiye aliyemlea. Msimu huo ndiyo kwanza kachaguliwa kuimba. Jioni ile akaja mbio, madoa yake yanameta, akamuuliza, "Shangazi, Manju akirudi, na mimi nitatafutiwa sauti?"

Paa akataka kumjibu. Akahisi ule mkono. Miaka yote ile, na mkono uko pale pale, laini, mzito. Akamvuta Kanga ubavuni, akamwambia lala. Yeye hakulala.

Asubuhi akaja Nyati. Alikuja kwa adabu, akakaa mbali kidogo, akauliza habari za shamba kwanza. Kisha akasema Chui anakuja leo alasiri. Akamweleza jinsi ngoma ilivyokufa, jinsi yeye mwenyewe anavyoota ile ndi-ndi-ndi anaamka miguu inacheza. Hakuwa mbaya, Nyati. Alikuwa mzee aliyekosa furaha yake.

"Ni neno moja tu, binti yangu," akasema. "Karibu. Basi, yaishe."

"Kinywani mwako ni neno moja, babu," Paa akamjibu. "Ukilisema wewe, ngoma italia. Nikilisema mimi, Kanga ataitwa pangoni."

Nyati akainama. Akachora chora chini kwa kwato. Halafu akasema, na hapa ndipo alipokosea mzee wetu, akasema kwamba Paa akishindwa kujibu, yeye atajibu kwa niaba yake. Yeye ndiye mzee wa uwanja.

Alasiri ikafika. Wanyama wote ndani ya uwanja, miiba pande zote, mlango ule mmoja. Jua kali, hakuna upepo. Kima kashika ngoma, hapigi. Kanga yuko mbele na waimbaji. Paa kasimama karibu na mlango.

Ndege wakanyamaza.

Nyasi zikafunguka, Chui akatokea. Kakonda kweli. Anachechemea. Akaja mpaka kwenye mlango, akasimama, akaujaza. Na waliokuwa ndani wakagundua kitu ambacho hawakuwa wamekifikiria. Hakuna pengine pa kutokea.

Hodi.

Msinijibu. Nani huyo kataka kujibu? Ziba mdomo.

Hodi.

Chui akaangalia uso mmoja mmoja. Akaanza kusema, na sauti yake, ee, sauti ya asali. Akasema amekaa mlimani na baridi, amejifikiria. Akasema anaipenda ngoma hii kuliko roho yake. Akasema anawapenda wote kama watoto wake wa kuzaa. Machozi yanamtoka, mtu wa pembeni anafuta yake.

"Nami nimekuja kuomba radhi," akasema, "kama kuna niliyemkosea."

Ah, wakaguna kwa huruma. Kima akapiga ngoma kidogo, ndi, kumsaidia. Vichwa vyote vikamgeukia Paa. Sema basi. Mbona husemi. Sema mama, jua linatuchoma. Paa akatazama chini. Akamwona Kanga anamwangalia Chui, mdomo wazi, anatabasamu.

Paa akafungua kinywa. Ikatoka ile sauti iliyokwaruza.

"Umesema kama," akasema. "Iondoe."

Chui akainamisha kichwa, eti hajasikia.

"Umesema kama kuna niliyemkosea. Iondoe hiyo kama."

Chui akacheka kidogo. Akamwambia, mwanangu, kama ni neno dogo tu. Paa akasema, ndiyo, dogo, halikushindi kuliondoa. Wanyama wakatazamana. Kima akasema huu sasa ni ukorofi, lakini alisema chini chini.

Chui akavuta pumzi. "Nimekuja kuomba radhi," akasema. "Nili..." Akasimama. "Kama nili..." Akasimama tena. Mkia ukaanza kutembea nyuma yake, huku, huku. Yale machozi yakakauka, hukuyaona yalikokwenda. "Mimi nilikuwa natania. Kila mtu anajua natania." Mkia huku, huku. Kisha ile asali ikaisha. Ikabaki sauti ya pangoni.

"Na ulikuja mwenyewe, kipaa. Kwa miguu yako."

Uwanja ukapoa kama umemwagiwa maji. Wale wa na mimi wakajishika makoo, kila mmoja lake, wote kwa pamoja. Kanga akaacha kutabasamu.

Sasa Nyati. Nyati alikuwa amesimama nyuma ya Paa, na aliona tu kwamba Paa hajajibu. Amengoja sana. Hamu ya ngoma ilimpanda, neno likamjaa kinywani, akaanza.

"Ka..."

Hapo hapo macho yake yakashuka chini. Akauona mguu wa Chui. Mguu umeshavuka kizingiti. Hodi haijajibiwa na mguu uko ndani, umekanyaga mchanga uliofagiliwa, na kucha zimetoka zote, zimezama ardhini. Unaelekea kwa Kanga.

Mzee akakwama. Kinywa wazi. Ile ka iko ulimini, imeshatoka nusu, wote wamesikia. Chui naye kasikia, kaanza kutabasamu, anangoja neno limalizike aruke.

"Ka..." Nyati akasema tena. "Kaa huko huko."

Akashusha pembe. Akaja mbele, akasimama bega kwa bega na Paa. Paa naye akasema, kaa huko huko. Wale wa na mimi wakasogea mmoja mmoja, hawana kucha, hawana pembe, wakasema kaa huko huko. Kanga akasema, sauti ya kutetemeka, kaa huko huko.

Chui akautazama mguu wake. Akautoa polepole. Akaficha kucha, moja, moja, moja, kama mtu anayeweka vyombo kabatini. Hakukimbia. Hakukasirika. Akasema tu, "Mtanikumbuka," akageuka.

Nyasi zikatikisika, wakaziona zinavyotikisika, zinakwenda, zinakwenda. Kisha zikaacha kutikisika. Hapo hapo, si mbali. Hawakujua kaondoka au kalala.

Siku ile ile wanyama waliikata miiba wakafungua milango mingine, upande huu na upande ule, wakiumia mikono. Kima akarudi kwenye ngoma bila mzaha, pa-ka-ta, pa-ka-ta, mbovu vile vile. Kanga akaimba. Akaimba juu, sauti yote, hakuna wa kumwambia chini zaidi. Nyati alicheza, na pa-ka-ta ilimwangusha, akacheza.

Paa hakucheza. Alisimama mlangoni ameangalia zile nyasi. Na mpaka leo nenda malishoni umtazame. Anatafuna kidogo, anainua kichwa, anasikiliza. Anatafuna kidogo, anainua kichwa. Msimcheke, wanangu. Anajua anachokisikiliza.

Sasa nawaambieni wazi, wakubwa na wadogo. Aliyekosa anaweza kuomba kurudi, hakatazwi kuomba. Lakini kwanza alitaje kosa lake kwa jina lake, bila kama. Na wa kumwambia karibu ni yule aliyeumizwa, si yule aliyekosa burudani. Na mtoto akiitwa peke yake pasipo na mlango wa pili, hata aitwe na nani, nendeni naye.

Hadithi yangu imefika hapa, na hapa naiacha.