Nyumba Isiyo na Kizingiti

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, kuta za nyumba mpya zilikuwa zimefika usawa wa madirisha, na Bi Magurudumu alikuwa amekwama mlangoni.

Jina hilo alibandikwa na mafundi. Miguu yake ilikuwa mizima kabisa, lakini kila alipokuja kukagua ujenzi alikalia kiti cha zamani cha magurudumu cha baba yake, akajisukuma chumba hadi chumba juu ya vumbi na vipande vya matofali. Baba alikuwa mshonaji kabla ya ajali iliyompooza miguu, naye ndiye aliyemfunza bintiye kwamba nguo hupimwa mwilini mwa mvaaji. Nyumba hii ilikuwa ya baba. Ilibidi imkae.

Mzee aliishi ghorofani kwa mwanawe wa kiume. Kushuka alibebwa, kuoga alibebwa, na kwa kuwa alichukia kubebwa, alikuwa hashuki tena. Alikubali kuhama kwa sharti moja.

"Nitaingia mwenyewe," alisema. "Mkinibeba kama gunia hata hatua moja, mnirudishe nilikotoka."

Kilichomkwamisha binti siku hiyo kilikuwa kizingiti. Kwenye mchoro hakikuwemo. Fundi mwashi alikiri kwamba mikono yake ilikijenga kwa mazoea, ila alikitetea: bila hicho, alisema, maji ya mvua yangefika sebuleni.

"Dada, mlango bila kizingiti ni sufuria bila ukingo."

"Maji tutayatafutia njia, fundi. Baba hana njia nyingine."

Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe walikubaliana kwamba kizingiti kivunjwe, sakafu ya nje iinamishwe kidogo kuelekea uani, na mfereji wenye wavu wa chuma upite mbele ya mlango. Kabla ya adhuhuri kizingiti kilikuwa kifusi.

Kaka mtu hakuridhika. Yeye alitaka ngazi, nguzo mbili na mlango wa kuchongwa, nyumba ya kumfanya mpita njia ageuke. Alipouona mlango mpana uliolala sawa na ardhi, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Hapa anaingia baba au linaingia trekta? Watu watasema tumemjengea mzee gereji."

"Hao watu hawataoga humu," dada yake alimjibu.

Majirani nao walipata la kusema kuhusu swichi zilizowekwa chini kama za chekechea. Binti aliwaacha waseme, akaendelea kujisukuma. Bafuni aligundua kwamba mlango ulifunguka kwa ndani, na aliyeketi hakuweza kuufunga nyuma yake. Akaamuru ung'olewe, uwekwe wa kuteleza juu ya reli. Seremala alinuna. Akakalishwa kwenye kiti ajaribu mwenyewe, na alipotoka bafuni alikuwa tayari anapima reli.

Siku ya kuhamia ilinyesha mvua ya kukata na shoka. Maji yalishuka kwenye mwinamo, yakatumbukia mferejini, na sakafu ya sebule ikabaki kavu kama unga. Fundi mwashi, aliyekuja kushuhudia sebule ikifurika, alisimama kando akiutazama ule wavu.

Mzee alifika mlangoni kwenye kiti chake kipya cha magurudumu. Mwanawe, kwa mazoea, akafunga mwavuli, akainama kumnyanyua. Mzee alimtazama tu. Kijana akajinyoosha, akarudi nyuma na mwavuli wake. Magurudumu yakapita juu ya wavu kwa mchakacho mmoja, yakawa ndani.

Hakusimama sebuleni. Alinyoosha moja kwa moja hadi bafuni, mlango ukateleza, komeo likalia. Kisha maji yakasikika, na juu ya maji mluzi, ule aliokuwa akiupiga enzi za cherehani. Tangu ajali, hakuwahi kuoga akiwa amejifungia mlango. Nje, binti alikuwa ameshika mpini wa kile kiti kitupu cha zamani. Kaka yake alikuwa amesahau kuufungua tena mwavuli, mvua ikimtiririka usoni, na hakuna aliyemuuliza kama yalikuwa maji ya mvua peke yake.

Mzee alitoka akiwa na shati safi, vifungo vyote amevifunga mwenyewe. Akawakuta watatu wale wangali wamesimama palepale nje.

"Mbona mmeganda hapo?" aliwauliza. "Nyumba njema si mlango, ingieni ndani."