Kuku Aliyebisha Hodi

Sogeeni, wanangu, masikio yenu niazimeni.

Bi Kidawa aliachiwa kuku na bintiye, Mwanaidi, aliyeolewa ng'ambo ya milima asirudi tena. Kila jua likitua, kuku yule husimama mlangoni na kuita kwa sauti ya Mwanaidi mwenyewe: "Hodi, mama!"

Siku moja kuku akashikwa na kideri, shingo ikapinda. Majirani wakaja juu: "Mchinje upesi, asije akawa nyamafu!" Bi Kidawa akakataa katakata. Akamnywesha shubiri, wapi! Akamnywesha mwarobaini, wapi! Akampakata, akalia.

Hapo likatokea zimwi. "Nitamponya. Ila sauti ile naimeza mimi."

"Sauti ya mwanangu?"

"Akifa, utakosa vyote viwili."

Bi Kidawa akamkumbatia kuku wake. "Basi mwache aite mara ya mwisho."

"Hodi, mama," kuku akanong'ona. Zimwi likaidaka sauti, likaimeza, likatoweka.

Kuku akapona, akataga, akaatamia. Na hadi leo, jua likitua, husimama mlangoni, akafungua mdomo, kimya.

Naye Bi Kidawa huitikia kutoka ndani: "Karibu, mwanangu. Mlango sijaukomea."