Mtihani wa Februari

Maradhi hayana adabu. Unaweza kuyafungia chumbani, ukateremsha pazia na kuwaambia wageni kwamba humo ndani hamna mtu, lakini siku yao ikifika hutoka yenyewe, tena hutoka sebule ikiwa imejaa watu. Ndipo waliotutangulia wakasema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Heath Tranter hakupata kuisikia methali hiyo. Kwao Wimmera, kwenye mashamba ya ngano, mtoto wa kiume akiumia huambiwa neno moja tu, jikaze, na Heath alikuwa amejikaza kisabuni tangu angali na meno ya utoto.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mrefu, mwenye viganja vipana vya kudakia mpira, na huu ulikuwa mwaka wake wa tano katika klabu ya Port Elwin jijini Melbourne, inayocheza mpira wa Kiaustralia, ule unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu. Miaka yote hiyo hakuwa amecheza hata mechi moja ya kikosi cha kwanza. Wenzake walipokuwa wakishangiliwa na maelfu katika uwanja mkubwa, yeye alikuwa na timu ya akiba kwenye viwanja vya mitaani, ambako watazamaji ni wastaafu waliojifunika mablanketi ndani ya magari yao, mbwa wao, na watoto wanaovamia uwanja wakati wa mapumziko ili wapige mpira wao. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi wa tisa. Majira hayo wachezaji wa aina yake huitwa ofisini mmoja mmoja, na wengi hutoka humo wakiwa wametemwa. Heath aliiogopa ofisi ile kuliko alivyoogopa kaburi.

Hofu hiyo ndiyo iliyomponza, na ilianza kumponza Februari. Kila mwaka, kabla ligi haijaanza, wachezaji wote huketishwa mbele ya kompyuta wafanye mtihani wa akili. Picha za karata hutokea, nawe wabonyeza upesi ukiiona ile uliyoiona mwanzo. Maneno husomwa, nawe wayarudia. Majibu huwekwa. Siku mchezaji akigongwa kichwa, daktari humpima tena na kulinganisha, ili ajue kama ubongo umetikisika. Mpango mzuri, hauna kasoro. Kasoro ilikuwa kwa wachezaji wa timu ya akiba, ambao walikuwa na mila yao waliyorithishana mkubwa kwa mdogo.

"Punguzeni akili," Brodie Kershaw aliwanong'oneza wenzake kwenye foleni. Brodie alikuwa beki mkongwe wa timu ya akiba na rafiki wa chanda na pete wa Heath. Walipanga nyumba moja. "Bonyezeni polepole. Sahauni maneno mawili matatu. Siku ukigongwa unajibu kawaida tu, dokta anaona uko sawa, unarudi mchezoni. Ukijifanya msomi leo, utakuja kukaa benchi wiki mbili na nafasi yako anachukua mwingine."

"Mimi nikipunguza hata jina langu nitalisahau," kijana mmoja akasema.

"Wewe huna cha kupunguza, bwana. Jibu tu ulivyo," Brodie akamjibu, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Heath naye alicheka. Alipoingia akajifanya mzito wa kichwa, akabonyeza kwa kuchelewa, akayameza maneno aliyoyakumbuka vizuri. Daktari wa klabu, Ruwani Perera, mama mpole asiyependa makuu, alimtazama kwa huruma.

"Ulilala jana, Heath?"

"Kidogo, Dokta."

"Haya. Sote tuna siku zetu."

Basi miezi ikapita. Julai, siku ya upepo unaopasua midomo, timu ya akiba ilikuwa ikicheza kando ya reli. Mpira mrefu ulipigwa kuelekea milingoti ya goli. Heath aliruka kuudaka, na mpinzani aliyekuwa nyuma yake naye akaruka, akampanda mabegani. Kumpanda mwenzio hivyo si kosa katika mchezo huu. Watu huja uwanjani kuyaona hayo. Ila goti la yule jamaa lilimpata Heath kisogoni. Alianguka kifudifudi kwenye tope, na kwa kitambo hakujua kama yuko Melbourne au yuko shambani kwao. Akajiinua upesi kabla mtu hajamsogelea. Wastaafu wakampigia honi za magari kumpongeza.

Daktari Perera alimtoa nje, akampeleka chumba cha kubadilishia nguo, akamsomea maneno. Heath aliyarudisha moja baada ya jingine, jasho jembamba likimtiririka mgongoni. Lile la mwisho alilivuta kama ndoo kutoka kisima kirefu.

"Umefanya vizuri kuliko Februari," daktari akasema, na uso wake ukaingia mkunjo.

"Februari sikulala, Dokta. Si ulisema mwenyewe."

"Kichwa kinauma?"

"Hapana."

"Kichefuchefu? Macho?"

"Niko fiti."

"Sikiliza, Heath. Hapa sina macho ya kuona ndani ya fuvu lako. Nategemea mdomo wako."

"Dokta, niko fiti," akarudia, naye akamwachia arudi uwanjani. Siku ile alifunga magoli mawili kabla king'ora cha mwisho hakijalia. Aliyajua magoli hayo kwa kuambiwa.

Tangu hapo hofu ilihamia mwilini mwake. Mwanga wa jua la asubuhi ulimchoma macho. Harufu ya mkate uliobanikwa ilimtapisha. Mazoezini mpira ulimjia ukiwa miwili, akawa anaudaka ule wa kulia kwa kubahatisha. Jumanne, akitoka mazoezini, alisimamisha gari kwenye taa nyekundu. Taa ikawa kijani, magari nyuma yake yakapiga honi, naye akabaki ameshika usukani kama aliyemwagiwa maji ya barafu, kwa maana hakujua aelekee wapi. Barabara ileile aliyoipita miaka mitano ilikuwa imekuwa ya nchi ya watu wengine. Alifika nyumbani kwa kumfuata polepole kwa gari mwanamke mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa, kwa vile alidhani anamfahamu. Kwa bahati, alikuwa jirani yao.

Brodie alimkuta jikoni ameketi sakafuni, mgongo umeegemea kabati, mapazia yameshushwa mchana kweupe.

"Vipi kaka, umeme umekatwa?"

"Hiyo friji inanipigia kelele kichwani."

Brodie alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Akachomoa waya wa friji ukutani, akachuchumaa mbele yake.

"Ni lile goti?"

"Naogopa, Brodie. Leo nilisahau njia ya nyumbani."

"Barabara za mji huu nani hazisahau," Brodie akasema, lakini sauti yake ilikosa mzaha. Hata yeye roho ilikuwa imemruka. "Sasa nisikilize. Fletcher wa kikosi cha kwanza amechanika msuli wa paja. Nafasi yake iko wazi, na Alhamisi wanataja timu. Ukimwambia dokta, unakaa nje wiki mbili, na wakikutazama tena itakuwa mwezi wa tisa, ofisini. Mechi moja, Heath. Ukishacheza hiyo moja, kaa nje hata mwezi. Kwa sasa funika kombe mwanaharamu apite."

Heath alitikisa kichwa kukubali, na kutikisa kule tu kulimfanya aushike ukuta. Ushauri ule ulitoka kwa mtu aliyempenda kama ndugu, na ndiyo maana aliumeza bila kuutafuna.

Hata hivyo, Alhamisi asubuhi alipiga moyo konde. Hofu ya kichwa ilikuwa imeishinda hofu ya ofisi. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa Daktari Perera, akainua mkono abishe. Sentensi alikuwa nayo mdomoni, fupi: Dokta, nilikudanganya. Ndipo sauti ikamwita kutoka mwisho wa ukumbi. Alikuwa Kocha Mulcahy.

"Tranter, wewe kijana, nakutafuta kila mahali. Njoo huku."

Aliongozwa hadi chumba cha mikutano. Kikosi kizima kilikuwa kimeketi, kila mtu ameinua simu kumrekodi, na nyuso zote zina tabasamu la siri. Heath alielewa papo hapo. Katika klabu zao, mchezaji anayeteuliwa kwa mara ya kwanza humpigia simu mzazi wake mbele ya wenzake wote. Kwa miaka mitano alikuwa ameketi chumba hicho akiwapigia makofi wengine.

Mama yake, Lorraine, aliyekuwa dereva wa basi la shule, alipokea mara moja.

"Heath? Kuna nini saa hizi? Umeumia?"

Chumba kikavunjika kwa kicheko. Heath alishika ukingo wa meza.

"Hapana, Mama. Nacheza Jumamosi. Kikosi cha kwanza."

Mama akaanza kulia, kilio cha furaha, kilio cha mtu aliyeendesha gari miaka na miaka alfajiri kumpeleka mwanawe mazoezini. Wachezaji wakalipuka kwa vifijo, wakamrukia Heath, wakamtikisa mabega. Kila vifijo vilipopanda alihisi kitu kikipasuka nyuma ya macho. Alitabasamu. Hakuna aliyeona vidole vyake jinsi vilivyoing'ang'ania meza.

Walipokuwa wakitawanyika, Daktari Perera alimpa mkono wa hongera.

"Nilikuona mlangoni kwangu. Ulikuwa unanitaka?"

Mlango wa kuokoka ulikuwa wazi, tena umefunguliwa na mwenyewe. Heath alimtazama daktari, akatazama simu iliyokuwa bado na joto la sauti ya mama yake.

"Nilikuwa napita tu, Dokta."

Jumamosi Lorraine alikuja kumkabidhi jezi, maana hiyo nayo ni heshima ya mzazi. Alisema maneno mengi mazuri. Heath alijitahidi kumtazama usoni, lakini nyuso zilikuwa mbili na zote zilikuwa zinalia, hakujua akumbatie ipi. Akafumba macho, akamkumbatia hivyohivyo.

Alicheza robo ya kwanza yote kati ya nne za mchezo. Alidaka mipira mitatu, na kwenye goli lake la kwanza wachezaji wote wa Port Elwin walimkimbilia kutoka pembe zote za uwanja. Juu jukwaani Lorraine alimshika Brodie mkono hadi kucha zikamwingia. Brodie hakushangilia. Macho yake hayakuondoka kichwani mwa Heath, na alikuwa akihesabu muda kama mtu anayengoja mwenzake atoke chini ya maji.

Robo ya pili ilikuwa bado changa. Heath aliokota mpira, na mpinzani akamsukuma kwa bega. Halikuwa pigo, watoto wa shule husukumana zaidi ya vile. Heath alikwenda hatua chache, akasimama, akautazama mpira mkononi kana kwamba hajawahi kuuona, kisha magoti yakamkatika. Alipolala chini mkono wake mmoja ulibaki umenyooka juu, mkavu, haushuki.

"Ameteleza," Lorraine alisema. "Brodie, si ameteleza?"

Brodie alikuwa ameshainuka, akimvuta mkono kuelekea ngazi.

Hospitalini walimpasua fuvu kuitoa damu iliyokuwa ikiukandamiza ubongo. Jioni Daktari Perera alikuja kwenye chumba cha kungojea, akaketi karibu na Lorraine.

"Yu hai. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi. Wanasema damu ile haikuanza leo, ilikuwa ikivuja kidogokidogo siku nyingi." Akajishika paji la uso. "Nami nilimpima. Majibu yake yalikuwa mazuri kuliko ya Februari. Sielewi."

Brodie alikuwa amesimama dirishani. Alisema bila kugeuka.

"Februari tulikosea makusudi, Dokta. Sote. Mimi ndiye niliyewafundisha."

Lorraine aliinua macho.

"Na wiki hii? Mlikuwa mnakaa naye nyumba moja. Hakukwambia kitu?"

"Aliniambia anaogopa."

"Wewe ukamwambiaje?"

"Nilimwambia afunike, Mama."

Lorraine alilia. Kilio hiki hakikufanana na kile cha kwenye simu. Kilitoka chini kabisa, wauguzi wakatoka vyumbani kuangalia. Brodie alipiga magoti mbele yake na kuomba radhi, lakini mama yule hakuwa na radhi ya kutoa siku ile.

Heath aliamka baada ya siku kadhaa. Upande wake wa kushoto ulikuwa mzito, na maneno yalimtoka taratibu. Kitu kibaya zaidi hakikuonekana kwa macho. Wiki ile yote ilikuwa imefutika, na mambo mapya hayakumkaa. Mama yake alimweleza kwamba alicheza, kwamba alifunga goli, kwamba watu walisimama kumshangilia. Alifurahi hadi machozi. Muda si muda akamuuliza kama Kocha amepiga simu.

Brodie alipopata ujasiri wa kwenda kumwona, Lorraine na Daktari Perera walikuwa wamesimama miguuni pa kitanda. Heath alimwangalia rafiki yake, uso ukamchanua. Akamwashiria kwa mkono wake mzima asogee, asogee zaidi, mpaka sikio likafika mdomoni. Alidhani ananong'ona, lakini sauti yake ilikuwa imepoteza kipimo, na chumba kizima kilimsikia.

"Kaka, kichwa kinaniuma sana," alisema. "Lakini usimwambie dokta. Alhamisi wanachagua timu."

Daktari aligeukia ukuta. Brodie aliweka uso wake juu ya shuka na kulia kwa sauti, na mama akalia, na Heath peke yake akabaki akiwashangaa, asijue ni siri gani waliyoigundua. Hakika, mficha maradhi kilio humfichua.