Tambi za Bwana Afya

Siku mbili kabla ya Idd, bwana afya Semdoe aliingia dukani kwa Bi Mize akakamata katoni nne za tambi.

"Zina kuvu," alisema, bila kufungua hata pakiti moja. "Sheria inataka ziteketezwe, na duka nalifunga."

"Sheria ni sheria, mwanangu. Ila niandikie kwa ukali, watu wasije wakasema umenionea."

Hakuna aliyewahi kumwomba Semdoe ukali. Akaandika kwa furaha: "Tambi hizi ni sumu. Mlaji atakufa." Akapiga muhuri mara tatu.

Siku ya Idd Bi Mize alikwenda nyumbani kwa Semdoe kutoa mkono wa Idd. Baba mkwe wa Semdoe alikuwa mkekani na nduguze, sinia la tambi mbele yao.

"Karibu tambi, bi mkubwa."

"Ahsante, ila kufa bado sijataka." Akamkabidhi mzee karatasi ya Semdoe. "Ni zile alizokamata dukani kwangu. Soma mwenyewe."

Mzee alisoma, akatua kijiko. "Semdoe, binti tumekupa. Leo umetuita utuue?"

"Nzima, baba! Wallahi ni nzima!"

"Basi iandike hiyo nyuma ya karatasi," alisema Bi Mize, "nikafungue duka."

Baba mkwe ndiye aliyempa kalamu.