Fisi na Mwizi wa Chunguni

Hadithi!

Ije.

Na ikija imekunja uso?

Ije hivyo hivyo, bibi.

Haya, kaeni. Na asinililie mtu hapa.

Palikuwa na chemchemi ya maji ya chumvi. Fisi alikuja, akakojoa pembeni, akasema ni yake. Nani abishe? Kazi ya kupika chumvi akampa Sange, kale kanyama kadogo kama panya, pua ndefu. Sange alikuwa na watoto watatu.

Asubuhi Fisi anajaza maji chunguni. Sange anachochea moto. Chungu kinatokota, toko-toko-toko. Mvuke unapanda, fuuu. Jioni chini imebaki chumvi, konzi moja.

"Asubuhi chungu kilijaa," Fisi akasema. "Kilichopungua kiko wapi?"

"Maji yamepaa, bwana mkubwa. Chumvi ndiyo inayobaki. Ndivyo inavyopikwa."

"Yamepaa kwa mabawa gani? Mwizi wewe!"

Akachukua chumvi. Akachukua na mtoto mmoja, akamla, eti fidia.

Kesho yake, toko-toko-toko, fuuu. Konzi moja. Sange akaeleza tena, kwa upole, kwa kupiga magoti. Mtoto wa pili akaliwa.

Siku ya tatu hakueleza kitu. Maelezo yalikuwa yameshawala watoto wawili.

"Bwana mkubwa, ulisema kweli," akamwambia. "Mwizi yumo. Anatokea mdomoni mwa chungu, mweupe, hana miguu. Tukimzibia, jioni chungu kitajaa chumvi mpaka juu."

"Si nilisema mimi! Mzibie!"

"Nimefunika, nimekandika udongo pande zote. Lakini mimi mwepesi, atanirusha. Anatakiwa mtu mzito wa kukalia kifuniko."

"Mzito si mimi?" Fisi akasema, meno yote nje.

Sange akamtandikia majani mabichi juu ya kifuniko. Fisi akakaa. Sange akachochea, kuni juu ya kuni.

Toko-toko-toko.

"Wee Sange! Huku chini panasukuma!"

"Ndiye huyo, bwana mkubwa. Kalia!"

Toko-toko-toko-toko.

"Sange, pananiunguza!"

"Anakaribia kuchoka. Ukinyanyuka sasa, kashaiba chumvi yote. Kalia!"

PAAA!

Chungu vipande vipande. Fisi akarushwa juu kuliko mvuke, akaangukia makalio, maji ya chumvi yanamtiririka kwenye malengelenge. Mpaka leo anatembea kashusha kiuno.

Wanyama wakaja kutoa pole. Kwa Fisi. Wakamletea na mafuta ya kupaka. Kwa Sange hakupita hata mmoja kuuliza wale wawili wako wapi. Akambeba aliyebaki, akahama.

Hadithi yangu imekauka. Aliyetaka tamu akalambe asali.

Mafunzo? Najua mtaulizwa shuleni. Andikeni hivi: waheshimuni wakubwa. Mkubwa akija, mpeni pa kukaa. Akilalamika pana moto, mwambieni avumilie kidogo tu.