Salamu za Mlangoni kwa Kenge

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika upesi mno, hata hamkutazama anayewaita ni nani. Haya, sogeeni. Aliyeacha mlango wazi kwao akaufunge kwanza.

Hapo zamani za kale, kiangazi kikali kilipokaribia, Kenge alifungua benki ndani ya kichuguu. Wanyama na ndege walipeleka mbegu zao zikae humo mpaka mvua zinyeshe. Mtama mwekundu, kunde, mbegu za maboga. Mlango ulikuwa mmoja, wa mbele. Nyuma kulikuwa na tundu, lakini Kenge alisema ni la kupitishia hewa.

Kindi akaenda kuomba kazi. Ukoo wao unajua mbegu, unajua kuzifukia zisioze. Kenge akamwahidi, "Utakuwa mtunza ghala." Mama yake Kindi akapiga vigelegele, mtaa mzima ukasikia. "Mwanangu yuko benki!"

Lakini ghalani Kindi hakutia mguu. Kenge alimweka mlangoni.

"Una ulimi mtamu," akamwambia. "Wewe salimia. Usimwachie mteja mpaka umeijua nyumba yake yote."

Basi Kindi akasalimia.

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Za nyumbani?"

"Salama."

"Watoto?"

"Wazima."

"Nani kabaki nao?"

Kutwa nzima hivyo hivyo. Jioni alipewa konzi ya mtama, akarudi kwao amenuna.

"Mama, nataka kuacha. Nimekuwa komeo la mlango."

"Uache benki? Kiangazi hiki? Tutakula nini, salamu?"

Asubuhi Kindi akarudi kazini.

Akaja Kwale na kunde zake. Hujambo, sijambo. Za nyumbani, salama.

"Watoto?"

"Bado mayai, shoga."

"Nani kabaki nayo?"

"Hakuna mtu. Nimeyafunika majani tu."

Mara Kindi akasikia nyuma ya kichuguu: chwaa, chwaa, chwaa. Kitu kinaburuzwa mchangani.

Kesho yake Kwale akaja analia. Mayai hayapo! Hata ganda hakuliona. Kindi akampa pole.

Akaja Bata. Hujambo, sijambo.

"Mayai umemwachia nani?"

"Baba yao yupo. Mkali huyo, hata mimi namwogopa!"

Kindi akatega sikio. Nyuma kimya. Kenge akajitokeza mlangoni, akapiga miayo, akarudi ndani kulala. Eti usingizi! Nyinyi mnacheka, Kindi hakucheka.

"Shikamoo, Bwana Kenge," akamwambia baadaye. "Una kitu cha njano kidevuni."

"Marahaba. Vumbi la mtama hilo."

Mtama wote wa benki ile ulikuwa mwekundu.

"Na mtama wenyewe huli, Bwana. Unautakia nini?"

Kenge akatoa ulimi, akaurudisha. "Mwenye benki hali, analinda. Kazi unaitaka, huitaki?"

Kindi akamkumbuka mama yake. Akasema anaitaka, akajichukia papo hapo. Jioni ile mtama hakuugusa. Huenda ni nyoka, akajiambia. Huenda ni fisi. Huenda, huenda! Mama yake akala, yeye akamtazama.

Asubuhi akaja Kanga, rafiki yake tangu utotoni, kabeba mfuko wa mtama. Kindi alijua kwamba Kanga ana mayai. Akajua yako chini, kwenye nyasi. Na ndani ya kichuguu, karibu kabisa na ukuta, akasikia pumzi: hhh, hhh.

Kanga akatua mfuko, akangoja asalimiwe.

Kindi hakusalimia.

"We Kindi! Hata hujambo huniambii?"

"Rudi kwako."

"Benki imekutia kiburi!"

"Nuna, shoga, lakini nuna huku unakimbia!"

Kanga akaondoka mbio, machozi yanamtoka kwa hasira. Mfuko akausahau. Kenge akatoka, macho yamemwiva.

"Kwa nini hukumsalimu?"

"Mtama wake huo hapo, Bwana. Benki imepata mbegu. Wewe umekosa nini?"

Kenge akafungua kinywa.

"Basi na mimi umenikosa," akasema Kindi. Akauchukua mfuko wa Kanga, akaenda nyumba hadi nyumba akisimulia alichosikia na alichokiona, na kwamba aliyekuwa akiuliza ni yeye. Wenye mbegu wakaivamia benki. Kenge akatokea lile tundu la hewa, chwaa, chwaa, akajitosa mtoni.

Sitawadanganya, njaa iliingia kwa kina Kindi. Mama yake alitafuna mizizi akinung'unika, "Benki, jamani, benki!" Mpaka siku ile Kanga alipopita na vifaranga vyake, kundi zima, hata mmoja hakuachwa nyumbani. Mama akavitazama vikipita mpaka vikaisha. Hakunung'unika tena.

Lakini Kwale hakusamehe. Hata leo Kindi akimkaribia amwombe radhi, Kwale huruka, prrr! Hangoji salamu.

Nanyi wenye kazi, wakubwa na wadogo, sikieni: kazi ikikutia shaka, usitazame tu inakulipa nini. Tazama inakutumia kufanya nini, nawe uiache kabla madhara yake hayajamfikia mtu mwingine.

Hadithi yangu imefika mlangoni, na mimi naishia hapa. Msiniulize nani kabaki kwangu.