Udhuru wa Alhamisi

"Laki mbili, mama. Nilizitoa mfukoni mwangu, si za halmashauri. Leo unanisimamisha mbele za watu kama mwizi wa kuku?"

"Nilizipokea, mwanangu, nikashukuru. Siulizi habari za laki mbili. Nauliza mkono wako uliinuka upande gani."

Ndugu zangu, waliokuwa wakijibizana hivyo ni diwani wa kata moja na mjane wa kata hiyohiyo. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msianze kugeuza shingo humu kanisani mkitafuta ni nani. Laki mbili zile zilikuwa rambirambi. Mume wa yule mama alianguka shambani ghafla, na kwa kuwa kata ile haikuwa na gari la wagonjwa, walimpakia mshikaki kwenye pikipiki: dereva mbele, mgonjwa katikati, mwanawe nyuma amemkumbatia asidondoke. Walipofika hospitali, kijana alikuwa amekumbatia maiti.

Siku ya mazishi diwani alifika. Alikaa chini ya turubai la mbele, akatoa rambirambi yake, na aliposimama kusema alilia machozi ya kweli, si ya kuigiza. "Mzee wetu huyu awe wa mwisho kufa juu ya pikipiki," akasema. "Gari la wagonjwa linakuja." Yule mama aliyashika maneno hayo kuliko hata zile fedha, maana mke wa mwanawe alikuwa mjamzito, na njia ya kwenda hospitali mnaijua ilivyo.

Miezi ikapita. Diwani akaitisha mkutano wa hadhara kutoa taarifa ya kazi zake, na taarifa ilikuwa nene kweli. Jezi za vijana, amezinunua. Mabati ya kanisa na ya msikiti, amechangia kotekote, asije akaambiwa ana upande. Misiba, hakuna aliokosa. Watu wakapiga makofi. Kisha akafika kwenye maamuzi ya baraza la madiwani, na hapo sauti ikaanza kukimbia kama mtu anayevuka shamba lenye nyoka. Baraza limepitisha ushuru wa mazao. Baraza limepitisha gari la wagonjwa likae kata ya ng'ambo ya mto. Baraza linawapongeza vijana wetu kwa kombe la mpira.

Yule mama akasimama. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia, "Mama, keti. Maswali ni mwisho."

"Mwisho mnagawa soda, mwenyekiti. Nikiwa na soda mdomoni nitaulizaje?"

Watu wakacheka, naye hakucheka. Akauliza gari limefikaje ng'ambo ya mto. Diwani akasema baraza ndilo lililoamua. Akauliza baraza ni nani. Diwani akasema ni waheshimiwa madiwani wote. Akauliza, na wewe je? Hapo ndipo mheshimiwa alipozikumbuka laki mbili zake, kama mlivyosikia.

Lakini mama hakuondoka kwenye swali. Wako watu wa namna hiyo, na mimi nawapenda. Akarudia pole pole: "Mkono wako, mwanangu. Upande gani?"

Diwani akafunga makaratasi yake. "Kura zilifungana, mama. Kumi kwa kumi. Zikifungana, mwenyekiti wa halmashauri ndiye anayeamua, naye akaamua likae kwao."

"Kata zetu si ishirini na moja?"

"Ni ishirini na moja."

"Basi kuna mkono haukuwepo."

"Wangu. Niliomba udhuru."

Ule mkutano ukaanza kuguna kama mzinga uliopigwa jiwe. Mmoja akasema kwa sauti, "Alikuwa mjini anakula nyama choma." Mama akanyoosha kiganja kuwanyamazisha. "Mwacheni aseme. Udhuru gani uliokuzuia siku ya gari letu?"

Diwani akamtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile akasema kama mtu, si kama taarifa.

"Ilikuwa ile Alhamisi, mama. Alhamisi tuliyomzika mzee."

Ndugu zangu, yule mama aliikumbuka siku ile. Asubuhi ya ile Alhamisi diwani alimpigia simu akamwambia, mama, nina kikao, niruhusu nije jioni kuwapa pole. Na ukoo wote ulikuwa umekaa pale ukisikiliza. Mnajua mambo yetu. Maiti ilikuwa tayari, kaburi tayari, lakini wakubwa wa ukoo walisema diwani asipofika hazikwi mtu, tutaonekana watu wa bure. Na yeye, kwa uchungu wake, alimjibu nini? Alimjibu, "Kikao ni cha walio hai, kitakusubiri. Usipokuja leo, usije ukaniomba kura."

Akaja. Wakamngoja hadi saa tisa, wakamkalisha mbele. Na saa ileile aliposimama kuwaahidi gari, gari lilikuwa linapigiwa kura, na kiti chake kilikuwa kitupu.

Sasa niambieni, nani alilipeleka lile gari ng'ambo ya mto? Diwani? Angeweza kusema, mama, kikao chenyewe ni cha gari. Sentensi moja tu. Hakusema, maana aliogopa kuonekana anajitetea, na aliogopa kura za kesho kuliko alivyoihofia kazi ya leo. Mjane? Ukoo? Wale waliopiga makofi kwa ajili ya jezi?

Sisi tunapenda anayekuja kukaa nasi. Anayekwenda kutusemea mbali, ambako hatumwoni, huyo hatumpikii wali. Na tunavyompima diwani ndivyo tunavyojipima sisi. Kila Jumapili mnaniletea taarifa. Kwaya imeshona sare. Kina mama wamefagia. Vijana wamebeba viti kwenye misiba. Vizuri, sikatai, endeleeni. Lakini ipo siku moja mtu anatakiwa aseme ndiyo au hapana mahali fulani, saa fulani, na siku hiyo ndiyo sote tunapata udhuru. Mmoja ana mgeni, mwingine ana kikohozi, mwingine anakwenda msibani, tena msiba wa kweli.

Mjane yule hakukaa chini. Alimshika mkono mke wa mwanawe, aliyekuwa na mimba ya miezi minane, akamsimamisha naye. "Kosa langu nimelisikia," akasema. "Mimi nilikuita. Lakini mimi nilikuita mazikoni, sikukutuma kunyamaza. Laki mbili tumezila msibani, zimekwisha, tumeshukuru. Kura yetu hukuipiga. Rudi kwenye baraza lako, ukalifufue hilo jambo, uinue mkono. Tunakudai."

Namalizia hapa, na sasa sisemi mfano tena. Jumatano asubuhi baraza la kijiji linakaa kuamua juu ya kiwanja cha yule yatima aliye nyuma ya kanisa hili. Mpaka umesogezwa. Walioona kigingi kiking'olewa ni wengi, na wengi wao wameketi humu wananitazama. Nimewauliza mmoja mmoja. Kila mmoja Jumatano ana safari.

Sitaki sadaka ya pekee kwa yule mtoto. Sitaki mchele wala sare za shule. Mnajua mpaka ulipokuwa. Njooni Jumatano mseme ulipokuwa. Ushahidi wenu ni deni. Ulipeni.